Viti Kumi na Viwili

Mtu anayeishi peke yake ana kazi gani na viti kumi na viwili vya plastiki? Fundi alivihesabu mara mbili. Vilikuwa vimepandanishwa sebuleni, nyuma ya mlango, vyote vyeupe, vyote na vumbi la viatu vya watu.

"Vya jirani hivyo," mumewe alisema huku akivuta pazia. "Kaviweka tu. Wewe pumzika."

Fundi lilikuwa jina la kazi. Alikuwa ameshona nguo za watu miaka kumi na mitatu, hata mumewe akazoea kumwita hivyo. Mume alitangulia mjini, akapata ukarani katika bohari la vipuri, na kwa miaka miwili kila likizo alirudi na sababu mpya: nyumba ndogo, maji hayatoki, subiri kidogo. Fundi alisubiri mpaka majirani wakaanza kumpa pole kwa macho. Kisha wiki iliyopita mume akapiga simu mwenyewe: njoo.

Alirudisha ufunguo wa chumba cha kushonea. Cherehani akauza, vitambaa vilivyobaki akagawa. Hakubakiza hata sindano ya kumrudisha nyuma, na hilo lilimtisha kuliko safari yenyewe. Ndoa hii ikimshinda, hana pa kuanzia.

"Waage ndugu na majirani kwamba unakwenda kwa shangazi yako," mume alikuwa amemwonya. "Wakijua uko mjini, mwezi hauishi watakuja na magodoro yao."

Fundi alicheka sana, akawaaga hivyohivyo.

Sasa alikuwa amefika, mchana wa jua la utosini. Mume alimpokea stendi, akambebea sanduku, akampandisha kwa ngazi za nyuma, zile za kushushia takataka, mpaka ghorofa ya tatu. Hawakukutana na mtu. Alichukua simu ya mkewe ili akambadilishie laini, akasema anapita kazini mara moja kukamilisha ruhusa yake.

"Mjini shule, mke wangu. Mtu akibisha, usimfungulie wala usimwitikie."

"Nitamfunguliaje, na ufunguo unaondoka nao?"

"Ndiyo maana naondoka nao," alijibu, akatabasamu, akafunga kwa nje.

Mwanamke aliyeachwa peke yake katika nyumba ya mumewe hapumziki, labda awe mgonjwa. Fundi alipekua. Kitandani mto ulikuwa mmoja. Kabati lilijaa mashati kutoka pembe hadi pembe. Hapakuwa na hata ubao mmoja ulioachwa kwa ajili ya nguo zake. Mume anayemngoja mkewe miaka miwili husogeza mashati, jamani.

Jikoni ndiko moyo ulikomlipuka. Sufuria tano, kubwa kubwa, hakuna hata moja iliyofanana na mwenzake. Alizigeuza. Kila moja ilikuwa na alama chini, ya rangi ya kucha: nyekundu, zambarau, waridi. Alama za wanawake wanaoogopa vyombo vyao visipotee. Fundi alikaa sakafuni. Mke mwenza mmoja alikuwa amejiandaa kumkuta, tangu ile sababu ya maji yasiyotoka. Lakini watano? Hata akipunguza chumvi, wabaki watatu.

Kwa hiyo zile ngazi za takataka zilikuwa za kumficha yeye, mke wa halali, kama mali ya wizi.

"Hodi humo ndani!"

Dirisha la jikoni lilitazamana na ujia wa ghorofa. Nje ya nondo alisimama mama mnene mwenye aproni, mikono bado imelowa maji.

"Nimefuata sufuria yangu, ile ya nyekundu. Mwenyewe hayupo? Na wewe ni nani wake?"

Fundi alifungua mdomo aseme *mkewe*, akaufunga. Akili ni nywele. Akisema mke, mama huyu atauma ulimi, na siri ya humu ndani hataijua mpaka aonekane mjinga mbele ya jengo zima. Lakini dada wa mwanamume haachi kupewa umbea. Wifi husemwa mbele yake tena kwa kuongezewa viungo.

"Mimi dada yake. Toka nitoke. Nimefika leo hii."

"Ee, afadhali umekuja! Sikujua kama ana mgeni."

"Hajamwambia mtu," Fundi alisema, akisogea karibu na nondo. "Kaka yangu ana siri nyingi. Hebu niambie wewe, mwanamke mwenzangu. Wifi yangu yuko wapi?"

Mama wa aproni aliacha kufuta mikono. Uso wote ukamlegea.

"Kumbe hujaambiwa. Maskini, alitaka ufike kwanza, upumzike, ndipo akwambie. Ndivyo inavyofaa." Alipitisha mkono kati ya nondo, akamshika Fundi bega. "Kaza moyo, dada yangu. Wifi yako yule fundi cherehani hatunaye. Alifariki Jumapili, hukohuko nyumbani. Jengo zima tumekaa hapa na kaka yako siku mbili, tukimpikia na kumliwaza."

Fundi aligeuza shingo kutazama vile viti sebuleni.

"Tulitaka tumsindikize mazikoni," jirani aliendelea, akimpigapiga begani. "Hata gari tulishapata. Kakataa katakata. Anasema atamzika mwenyewe, kesho."