Tafsida ya Kenge

Shauri Kuhusu Kupungua kwa Yai Moja katika Kiota cha Bi Kanga lilisikilizwa na Kobe, aliyepewa uhakimu kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kukaa kitako muda mrefu hivyo. Mshtakiwa alikuwa Kenge, mlinzi wa viota, aliyesoma fasihi akabobea.

"Umelila yai langu," Kanga akasema. "Na yaliyobaki ni mawili tu."

"Dada, lugha yako kavu mno. Sema yai limetutangulia."

"Limetangulia wapi?"

"Mahali penye joto," Kenge akasema, akijipapasa tumbo.

Kobe akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hiyo ndiyo tafsida, Bi Kanga. Jambo chungu linasemwa kwa maneno matamu. Baraza haliwezi kumwadhibu msemaji mzuri hivi. Aendelee na ulinzi."

Kanga aliyawaza yale mawili. Kisha akainama kwa adabu.

"Nimeelewa, mheshimiwa. Basi naomba jamaa zangu wamsindikize Bwana Kenge hadi mtoni, wampe shukrani za ukoo mzima."

"Ombi limekubaliwa," Kobe akasema.

Kenge akajinyoosha shingo. "Na hizo shukrani, dada, ni nyingi?"

"Hutaweza kuzibeba, kaka."

Kenge alidonolewa na kanga wote kutoka barazani hadi mtoni, hakurudi tena, na yale mayai mawili yakaanguliwa salama.