Injini ya Vuguvugu

Mama aliweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo kidogo, kisha akamgeukia muuzaji.

"Ina joto," alisema.

Kiduchu akajua mambo yameharibika. Fundi jirani yao alikuwa amewafunza wote wawili: pikipiki ya mtumba hununuliwa injini ikiwa baridi. Ukiikuta na joto, ujue muuzaji kaiwasha mapema ili usione inavyogoma kuwaka. Na Mama akishaambiwa jambo na fundi, halimtoki kichwani.

"Kuna mteja aliijaribu asubuhi hii," muuzaji alijitetea, akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Kazunguka yadi mara tatu, kisha akaenda zake."

"Mara tatu nzima, na asinunue?"

"Alisema anakwenda kufikiri."

Bibi, aliyesimama nyuma yao, akaguna.

Mguno huo ndio Kiduchu aliokuwa akiuogopa tangu watoke nyumbani. Nusu ya pesa ilikuwa ya Bibi, shamba lilikuwa la Bibi, na neno la mwisho, kama kawaida, lilikuwa la Bibi. Mwezi mzima alikuwa na wimbo mmoja tu: pikipiki ya magurudumu manne ni kitu cha kuvunja watoto shingo. Kiduchu naye mwaka mzima alikuwa akisukuma miche kwa toroli kutoka kitaluni hadi barabarani, mteremko mrefu unaokula magoti. Alikuwa na miaka kumi na tano na kimo cha wa kumi na miwili, ndiyo maana ya hilo jina, na viganja vyake vilikuwa sugu tupu.

"Bibi yako akisema hapana leo, ni hapana," Mama alikuwa amemwonya garini. "Usije ukanililia."

Na leo Bibi hakuwa wa kuchezea. Asubuhi alikwenda zahanati peke yake kwa ajili ya baridi yabisi, akarudi akijisugua kidole gumba cha kulia kwa dawa ya kuchua, maneno machache. Walipofika yadini, muuzaji alimwamkia Mama, akamtania Kiduchu, kisha akampita Bibi hivi hivi, bila hata shikamoo. Bibi amewahi kuhama duka kwa kosa hilo hilo. Kiduchu alisubiri radi ipige, wapi, Bibi alitazama pembeni tu. Akaletewa kiti, yeye asiyekataa kiti popote pale, akakikataa.

"Nimekaa vya kutosha," alisema.

Zilikuwapo tatu za kuchagua. Ya kwanza, nyekundu kubwa, muuzaji aliisifia kwamba mtoto "atakua nayo". Kiduchu alipoipanda, miguu ikabaki inaning'inia, na Mama akasema mashine hainunuliwi kama sare ya shule. Ya pili ilikuwa mpya na saizi yake kabisa, ila Mama aliisoma bei mara mbili kisha akaigeuza ile karatasi taratibu, isiendelee kumtazama. Ikabaki hii ya kijani. Ni mtumba, injini yake ndogo, miguu inafika, na kwenye mpini ina skrubu ya kuzuia mwendo ambayo mzazi huikaza mpaka mtoto atie akili. Ingekuwa imekamilika, kama si lile joto.

"Haya, aijaribu kwanza," Mama alisema.

Kiduchu akavaa helmeti. Muuzaji akamwelekeza: hapa hakuna kuzungusha mpini kama kwenye pikipiki za kawaida, mwendo huongezwa kwa kusukuma kijiti kidogo kwa kidole gumba cha kulia. Kijiti chenyewe kilikuwa kigumu. Mzunguko wa kwanza akaenda kwa hofu, wa pili kwa raha, akapita rundo la matairi na mlango wa choo huku akicheka peke yake ndani ya helmeti. Aliposimama, kidole gumba kilikuwa kinawaka moto. Hakujali, maana aliipenda ile mashine mpaka basi.

Akavua helmeti, na moyo ukamshuka. Bibi alikuwa amemkabili muuzaji uso kwa uso.

"Injini ya vuguvugu ni kama mtu anayejibu kabla hajaulizwa," Bibi alikuwa akisema. "Unaficha nini?"

"Bi mkubwa, si nimesema kuna mteja..."

"Mteja gani? Mtaje tumjue."

Muuzaji akafungua mdomo. Akamtazama Bibi, akamtazama Mama, akamtazama Bibi tena. Akaufunga.

"Nilijua tu," Bibi alisema. "Basi punguza."

Akapunguza. Bibi akaguna. Akapunguza tena, safari hii jasho likimtoka, na helmeti akaitoa bure bila kuombwa.

"Tunaichukua," Bibi alisema.

Mama alibaki amekodoa macho. Kiduchu alimrukia Bibi, akamkumbatia kwa nguvu zote za mwaka mzima wa toroli.

"Niachie," Bibi alisema. "Utanivunja wewe kabla ya hiyo mashine."

Wakati wa kurudi, Kiduchu alikaa kiti cha nyuma na Bibi, akijikanda kidole gumba kwa siri, asije Mama akaona kwenye kioo na kubadili mawazo. Bibi akafungua mkoba, akatoa kichupa cha dawa ya kuchua, akauvuta mkono wa mjukuu wake mapajani.

"Hicho si kitu," alimnong'oneza. "Mzunguko wa tatu ndio unaoumiza."