Kitambaa cha Tatu

Mbele ya majirani, Teopista alianua vitambaa vyeupe alivyokuwa amevitundika wiki nzima, apate kujua ni moshi upi unaomkohoza mwanawe.

Cha barabarani kilikuwa na vumbi jekundu. Cha kwenye jenereta ya jirani, ambaye Teopista alikuwa ameshamshtaki kwa chifu, kilikuwa na ukijivu tu.

Cha tatu kilikuwa cheusi, kinanata vidoleni. Alikinusa, akaijua harufu: plastiki iliyoungua.

"Haya, dada," jirani akacheka. "Bado nizime jenereta?"

Teopista akakikunja kile kitambaa.

"Hicho cheusi kilikuwa wapi?" jirani akauliza tena.

Ndani mtoto akakohoa. Teopista akaitazama sigiri yake mlangoni, na rundo la chupa tupu za maji anazowashia makaa kila asubuhi.

"Juu ya kitanda cha mwanangu," akasema.