Bakuli la Mzee Chande

Bakuli la jirani halirudi tupu, na Bi Siwema hakuwa na cha kutia. Ndiyo maana lile bakuli la samawati, ambamo Mzee Chande alimletea kunde, lilikaa kwake siku tisa.

Kitongoji chao kilikuwa kimya. Watu walitoka alfajiri kwenda mjini wakarudi giza limeingia, kila mtu na geti lake. Mzee Chande aliishi peke yake na redio yake, isiyozimwa usiku wala mchana. Siwema akipita pale alinyata kwa aibu.

Jumanne alimsikia akiita nyuma ya geti, kwa sauti ya chini, "Jirani... jirani yangu..."

Akadhani anadai bakuli lake. "Kesho, mzee wangu!" alijibu bila kusimama. "Wala sijalisahau!"

Jumamosi alipata mchele. Akapika wali wa nazi, akalijaza bakuli pomoni, akalifunika kawa, akatoka kifua mbele.

Geti la Mzee Chande lilikuwa wazi. Vijana wawili, vitambaa puani, walikuwa wakivunja mlango, na huko ndani redio ilikuwa ikisoma salamu za wasikilizaji. Mjumbe wa mtaa akageuka.

"Kwa harufu hii, ni siku ya nne. Bi Siwema, wewe ndiye wa ukuta kwa ukuta. Hukumsikia hata akiita?"

Wali ulikuwa bado wa moto. Bakuli lilimuunguza viganja, na Siwema hakuona mahali pa kulitua.