Jiwe la Kusagia la Bibi

Mnunuzi wa vito alimwaga maji juu ya jiwe letu la kusagia, na vidoa vyekundu vikawaka mle ndani kama makaa yaliyokuwa yamelala.

"Hizi ni ganeti," alisema. "Ni ngumu, ndiyo maana jiwe lenu halichakai upesi. Nikilivunja nikazitoa, nitamsomesha binti huyu shule ya misheni kule Tosamaganga mpaka amalize."

Mimi niliishia darasa la tatu. Nilitamani kurudi, lakini niliinamisha uso.

Bibi alicheka. "Kumbe miaka yote tunasaga ulezi juu ya vito, na bado njaa inapiga hodi!"

Alicheka peke yake. Jiwe lile alipewa na mama yake siku ya kuolewa, na mimi ningelipokea siku yangu. Nilipitisha vidole kwenye bonde lake. Lilikuwa laini kama kiganja, limechimbwa polepole na mikono ya wanawake niliowajua kwa majina tu. Utotoni niliamini vile vyekundu ni macho yao, yakinitazama nikisaga.

"Basi, nivunje?" mnunuzi aliuliza, nyundo mkononi.

Bibi alimpokonya nyundo, akanipa mimi. "Matilda, jiwe ni lako. Amua mwenyewe, usinitazame mimi."

Sikuwahi kusema neno mbele ya mgeni.

Nililifuta jiwe kwa kanga yangu, taratibu, kama mtoto anavyofutwa uso kabla ya safari. Kisha nikainua nyundo.