Mzee Aliyefuta Majibu Sahihi

Kwa mara ya nne mfululizo, yule mzee alikuwa amefeli kwa alama moja.

Mchambuzi wa mitihani aliinyanyua karatasi yake ya majibu akaielekeza dirishani. Penseli iliyofutwa ilionekana waziwazi. Mzee alikuwa amepaka kisanduku sahihi, akakifuta, kisha akapaka cha pembeni yake, kisicho sahihi. Alifanya hivyo mara kumi na tatu.

Wenzake ofisini walimwita mchambuzi huyo Darubini, maana hakuna kilichokuwa kikimpita. Miaka kumi na moja alikuwa ameona watu wakifuta kosa ili wapate. Mtu wa kufuta jibu zuri aweke baya hakuwahi kumwona. Tena maswali yanayowatoa jasho hata walimu mzee aliyapata yote. Aliyoyakosa ni yale ya salamu, rangi na siku za juma.

Ulikuwa mtihani wa lugha ya kigeni, wa watu wazima wanaotaka kuhamia ng'ambo. Aliyefaulu alipewa cheti, na bila cheti hakuna viza. Aliyefeli aliandikiwa barua ya mstari mmoja isiyotaja alama, akaruhusiwa kurudi baada ya miezi sita. Mzee hakuwahi kulalamika. Alirudi tu.

Darubini alipompelekea mkuu wa idara karatasi zote nne, mkuu aliguna. Akasema huyo ni mwizi wa maswali: anaingia, anakariri, anatoka kuwapa watu wake, na siku akifaulu hatakuwa na sababu ya kurudi. Akaagiza achunguzwe awamu ijayo, na akinaswa asikanyage tena chumba cha mtihani maisha yake yote.

Siku ya mtihani Darubini alijifanya msimamizi. Fomu ilisema mzee ni fundi cherehani mstaafu, na shati lake lilikuwa limenyooshwa likanyooka kweli. Ilipita nusu saa tu, akaweka penseli chini. Kisha akaanza kupekua karatasi upya, ukurasa kwa ukurasa, midomo ikimchezacheza.

Anakariri, Darubini akajisemea.

Halafu akagundua jingine. Kila baada ya dakika chache mzee alimtupia jicho mama mmoja wa safu ya tatu, mwenye miwani, aliyekuwa ameinamia karatasi yake kama anayetafuta sindano. Mzee akakohoa. Mama akachukua kifutio, akafuta.

Darubini akaandika namba ya kiti cha yule mama. Kumbe walikuwa wawili.

Muda ulipokwisha alimwita mzee ofisini, akamwekea zile karatasi nne mezani. Mzee alizitazama kwa muda, kama fundi anayekagua mshono wa mwenzake.

“Nani anakutuma, mzee wangu?”

“Hakuna anayenituma.”

“Na yule mama mwenye miwani?”

“Mke wangu.”

Darubini akafunga mlango, akamwambia aseme yote. Mzee akasema, macho yakiwa sakafuni. Binti yao wa pekee aliolewa ng'ambo na ana mapacha wasiojua neno hata moja la lugha ya babu na bibi yao. Tiketi zinawasubiri mwaka wa pili sasa. Yeye lugha ilimwingia mapema, kwa kusikiliza redio huku akishona. Taabu ni mke wake. Alikuwa mkunga hodari, amezalisha nusu ya mtaa, lakini lugha hii inamkataa kabisa. Ukimuuliza mlango, anakutajia dirisha.

“Nikifaulu mimi, binti atataka nitangulie,” alisema. “Miaka arobaini na moja sijamwacha mke wangu nyuma, hata barabarani. Nangoja apate na yeye.”

“Na kule kukariri kwako mle ndani?”

“Nilikuwa nahesabu, mwanangu. Nihakikishe sijapita.”

Darubini hakumwamini mara moja. Akafungua kitabu cha lugha ile, akamsomea habari ngumu kuliko zote zilizokuwemo, akamuuliza maswali sita. Mzee alijibu yote bila kigugumizi, la mwisho akalitilia na mzaha. Mwizi gani anaiba anachokijua?

Aibu ikamshika Darubini. Akamwahidi mzee kwamba ripoti yake haitataja wizi, ila hawezi kumwacha aendelee hivi miaka nenda rudi. Mzee akakubali, akaomba jambo moja: mkewe asijue. Akijua, atajiona mzigo. Kisha akatoka kwenda kutafuta maji ya kunywa.

Darubini akaenda mlangoni, akamwita mama aliyekuwa akingoja kwenye benchi la ukumbini. Mama aliingia taratibu, akaketi, akapakata mkoba wake. Alionekana mtu aliyejiandaa kusikia habari mbaya.

Darubini alichagua maneno kwa uangalifu ili siri ya mzee isivuje. Alimwambia mama asikate tamaa, wapo wengi wanaochelewa kushika lugha wakifika umri fulani. Akamweleza kuwa kituo kina mwalimu mpole wa watu wanaoanzia mwanzo kabisa, na yeye mwenyewe angemwombea nafasi, bure.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akageuka kuutazama mlango, akahakikisha umefungwa. Kisha akamjibu kwa ile lugha ya kigeni, harakaharaka, bila kosa hata moja.

“Tafadhali usimwambie mume wangu. Nangoja afaulu yeye kwanza.”