Kosa la Ambakisye

Tangu serikali iamuru kila kinanda kijisahihishe chenyewe, hakuna mtu pale Kyela aliyesikia noti iliyokosewa. Hata kanda za zamani zilisafishwa, eti kwa hisani, na vinanda vikuukuu vikasagwa. Tusajigwe alikificha cha marehemu mumewe, Ambakisye, ndani ya gunia la mchele. Enzi za uhai wake, Ambakisye alipoipigia kwaya wimbo wa kufungia ibada, alikuwa akiteleza mahali palepale kila Jumapili, na waimbaji wakamfuata hukohuko huku wakicheka.

“Mama, funga dirisha basi,” bintiye Lusako alinong'ona usiku mmoja, Tusajigwe alipokitoa guniani. “Wakikisikia, tumekwisha.”

“Wametunyang'anya mengi, mwanangu. Kosa la baba yako hawalipati ng'o!”

Akakung'uta mchele kwenye vitufe vilivyogeuka manjano, akatia betri, akapiga. Sauti ilikuwa ileile, ya puani kama ya mtu mwenye mafua. Alipofika pale mumewe alipozoea kuteleza, kidole chake kikaenda chenyewe kwenye noti sahihi.

Akarudia. Sahihi tena.

“Hebu imba wewe,” alimwambia Lusako. “Imba kama baba yako alivyokuwa akikosea.”

Lusako akafumba macho, akaimba vizuri mno, bila kosa hata moja, mpaka Tusajigwe akaziba masikio.